Darubini ndogo ya mtumba ni ya mchana

Ukinunua darubini ndogo ya mtumba ukitegemea kuona yale yaliyochorwa kwenye boksi lake, utaigawa bure kabla mwezi haujaandama mara mbili. Nazungumzia zile nyembamba ndefu: lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 60, bomba la karibu sentimita 70, miguu mitatu ya alumini inayotetemeka hata paka akipita, na boksi linalojisifu kwamba chombo kinakuza mara 525. Usiku utaona mwezi vizuri, utaona miezi minne ya Mshtarii na pete za Zohali kwa udogo wake, halafu utaanza kugombana na miguu, mbu na taa za jirani. Mchana chombo hichohicho kinabadilika tabia. Mwanga ni wa kumwaga, unaona unachokishika, na kitu kinachong'aa kuliko vyote vya angani, jua lenyewe, kinakuja chenyewe kila asubuhi.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi mjini. Yangu niliipata Memorial, soko letu la mitumba, kwa kijana anayeuza pasi, blenda na redio zilizotoka Ulaya. Mwenyewe alikuwa akiiita kamera. Alianzia laki moja na nusu, tukamalizana elfu sabini, kwa sababu nilimwonyesha kasoro zake moja baada ya nyingine. Nawe zijue. Zitakusaidia kwenye bei, na zitakuzuia kubeba bomba bovu hadi nyumbani.

Kabla hujatoa hela

Soma maandishi yaliyo karibu na lenzi ya mbele. Ukikuta D=60 na F=700, maana yake lenzi ina upana wa milimita 60 na inakusanya mwanga milimita 700 nyuma yake. Hiyo 700 ndiyo ya hesabu zote: igawe kwa namba iliyoandikwa kwenye lenzi ya jicho, ile ndogo ya nyuma unayochungulia, jibu ni mara ngapi inakuza. Lenzi ya 20 inakupa mara 35. Ya 12.5 inakupa 56. Ya 4 inakupa 175, na hapo ndipo uongo wa boksi unapoanza, kwani lenzi ya mbele ya milimita 60 haina jipya la kukuonyesha ukishavuka mara 120 hivi, hata hewa itulie namna gani. Ile ya 4 na kile kibomba cha kuzidisha mara tatu, kinachoifanya 175 iwe 525 ya boksi, nimevitia kwenye kopo la vifungo. Ukikuta muuzaji amepoteza lenzi zote isipokuwa ya 20, usisikitike. Lalamika kidogo, bei ishuke.

Pima kwa rula shingo ya lenzi ya jicho. Za zamani zina milimita 24.5, za siku hizi 31.7. Kama unaweza kuchagua, chukua ya 31.7, maana ndiyo inayotengenezwa hadi leo na ukitaka kuongeza lenzi nzuri baadaye utaipata. Ya 24.5 nayo inafanya kazi.

Washa tochi ya simu, imulike lenzi ya mbele kwa ubavuni. Vumbi si kitu. Mkwaruzo mmoja si kitu. Unachotafuta ni kuvu, yaani nyuzi nyembamba zinazotambaa ndani ya kioo. Zikiwa pembeni kidogo zinavumilika, zikitanda katikati mrudishie mwenyewe. Kisha zungusha gurudumu la fokasi toka mwanzo hadi mwisho uone kama bomba la nyuma linatoka na kuingia bila kuruka meno. Mwisho mwombe muuzaji mtoke nje ya kibanda, elekeza kwenye nguzo ya umeme ya mbali ukiwa umelipa jua mgongo. Kwa lenzi ya 20, nyaya na vikombe vyake vinatakiwa vionekane vikali. Picha ikibaki na ukungu popote unapozungusha, huenda kuna mtu aliwahi kufungua lenzi ya mbele akairudisha kichwa chini. Upande uliobinuka zaidi ndio unaopaswa kutazama nje. Ni kazi ya dakika tano, ila si lazima umweleze muuzaji kabla hamjakubaliana.

Miguu

Watu wengi wanaodhani darubini yao ni mbovu, miguu ndiyo mibovu. Usiivute. Iache fupi kabisa, ukae kwenye kigoda. Kaza kila skrubu kwa bisibisi, hata zile zinazoonekana zimekaza. Nimeshona mfuko wa jinzi, nikautia mchanga wa kilo tatu, nikauning'iniza chini katikati ya miguu, na ule mtetemo uliokuwa unaendelea kila nikigusa fokasi ukawa unakufa mara moja. Anayekaa huona zaidi ya anayeinama. Shingo ikiuma, jicho halitulii.

Mlima, alfajiri

Kutoka hapa mjini hadi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni kama kilometa 30 kwa mstari wa ndege. Kwa lenzi ya 20, mara 35, ni sawa na kusimama umbali usiofika kilometa moja kutoka kwenye barafu. Sijui watu wangapi wamezaliwa Moshi, wakazeeka Moshi, na bado wanajua tu kwamba juu kuna cheupe. Kile cheupe kina kuta. Upande wetu wa kusini barafu zinashuka kwa mapande yaliyotengana: ukianzia kushoto kuna Heim, halafu Kersten, halafu Decken, majina ya wageni wa zamani ambayo yamebaki kwenye ramani. Kwa jicho tupu ni baka moja. Kwa darubini unaona mahali barafu inapokatika wima, mistari ya uchafu ndani yake, na miamba mitupu ambako zamani palifunikwa. Tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kibo imekwisha, na hapo ndipo utaelewa kwamba namba hiyo ina sura.

Amka. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi ndio wakati wake, kabla wingu halijapanda kutoka msituni. Jua likitokea mashariki linaimulika barafu kwa ubavu, na vivuli vinachora kila korongo. Ikifika saa nne mara nyingi mlima umeshajifunika, na hata usipojifunika, mabati ya mji mzima yamepata joto na hewa juu yake inachezacheza kiasi kwamba Kibo inachemka. Kwa hiyo usitazame mlima ukipitisha bomba juu ya paa la jirani kama una njia nyingine, wala usitazame kupitia kioo cha dirisha. Juni na Julai wingu linaweza kukaa siku nzima, usijisumbue. Januari na Februari ndiyo miezi ya kufaidi.

Kuna jambo litakalokuchanganya mwanzoni. Ukitazama moja kwa moja bila kile kiwiko chenye kioo ndani, mlima unasimama kichwa chini. Ukiweka kiwiko, unakaa wima lakini kushoto kumekuwa kulia. Mawenzi, ambayo kwetu iko mkono wa kulia wa Kibo, utajikuta unaitafuta upande usio wake. Boksi nyingi huwa na kibomba kirefu kilichoandikwa 1.5x cha kunyoosha picha. Hicho kitumie kwa mlima, kwa ndege, kwa mnara wa simu. Kinapunguza mwanga, lakini mchana mwanga upo wa kutosha. Kwa jua kiache ndani ya boksi.

Jua

Hapa soma polepole.

Mboni ya jicho mchana ina upana wa kama milimita 2. Lenzi ya milimita 60 inakusanya mwanga mara 900 ya huo, inausukumia mahali pamoja. Jicho likikaa hapo linaungua kabla hujalifumba, na kwa kuwa sehemu ya nyuma ya jicho haina hisia ya maumivu, hutajua mpaka baadaye utakapokuta doa katikati ya kila unachotazama, na doa hilo linaweza lisiondoke tena. Kwa hiyo kuna njia mbili tu nitakazozieleza: kulitupa jua kwenye karatasi bila kutazama ndani, au kufunga chujio maalumu mbele ya bomba. Ya tatu haipo. Filamu za eksirei, sidii, vioo vilivyofukizwa moshi, miwani miwili ya jua iliyopachikwa pamoja, vyote hivyo nimeona watu wakijipangia, na hakuna hata kimoja cha kukaribia darubini. Miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua nayo ni ya macho matupu. Usiivae ukachungulia kwenye lenzi ya jicho, mwanga uliokusanywa utaitoboa.

Fungua boksi lako utafute kioo kidogo cheusi au cha kijani kilichoandikwa SUN, kinachojisokota nyuma ya lenzi ya jicho. Darubini nyingi za zamani zilikuja nacho. Kinakaa karibu kabisa na mahali moto unapokusanyika, kinapata joto, na siku moja kinapasuka bila kutoa taarifa huku jicho lako liko palepale. Kifunge kwenye kitambaa, kigonge nyundo, tupa. Usikiuze na usimpe mtoto achezee. Halafu ondoa kile kidarubini kidogo cha pembeni cha kulengea. Usikifunike tu kwa kidole cha soksi, kiondoe kabisa, maana nacho kinachoma.

Tuanze na karatasi, kwa sababu haina gharama na ndiyo njia ya tangu miaka ya 1610, wakati Galileo na Christoph Scheiner walipokuwa wakibishana madoa ya jua ni kitu gani.

Unahitaji karatasi ya manila nyeupe, kadibodi ya boksi na lenzi ya 20. Tumia lenzi ya zamani yenye herufi H kama unayo: vioo vyake havikugandishwa kwa gundi, hivyo joto halina cha kuyeyusha. Zile zenye mwili wa plastiki mtupu zinaweza kulegea. Angalia pia kifuniko cha mbele cha bomba. Vingi vina kitundu cha pembeni chenye kifuniko chake kidogo. Funga kifuniko kikubwa, fungua hicho kidogo, moto unaoingia unapungua sana na picha bado inatosha. Ila nisieleweke vibaya: kitundu hicho si chujio. Ukichungulia bado unapofuka.

Kata kadibodi ya sentimita 30 kwa 30, toboa katikati tundu la kubana bomba, ivike mbele kama kola. Kazi yake ni kutupa kivuli juu ya karatasi yako. Sasa lenga. Usilenge kwa jicho, wala usiinamishe kichwa kufuata bomba. Tazama kivuli cha bomba ardhini. Kikiwa kirefu, haujalenga. Sogeza taratibu hadi kivuli kiwe kifupi kuliko vyote na kiduara, na ghafla mwanga mkali utamwagika nje ya lenzi ya jicho. Shika karatasi sentimita 30 nyuma yake, zungusha fokasi mpaka ukingo wa duara uwe mkali. Umepata jua la upana wa kama sentimita 9. Ukirudisha karatasi hadi sentimita 49 duara linafika sentimita 15, linakuwa hafifu kidogo lakini ndilo zuri kwa kuchora. Mimi naweka manila ndani ya boksi lililolazwa kwenye stuli, najifunika kitambaa cheusi cha bitana kichwani na juu ya boksi. Wapita njia wanasema fundi anapiga picha za zamani.

Jua linatembea. Kila dakika mbili linasogea upana wake wote, kwa hiyo utakuwa unalisukuma bomba kidogo kidogo. Kila baada ya dakika mbili tatu ligeuze pembeni lipoe. Na usiondoke kamwe ukaliacha limeelekea juu, hata kama ni kwenda kumpokea mteja mlangoni. Mtoto wa jirani haulizi.

Wakati mzuri ni saa mbili hadi saa nne asubuhi, ardhi ikiwa bado haijachemka. Saa sita sikushauri. Moshi tuko karibu sana na mstari wa ikweta. Karibu tarehe 12 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita linakuwa utosini kabisa, na bomba likisimama wima linagongana na miguu yake.

Na utaona nini? Kwanza utaona kwamba duara si jeupe sawasawa. Ukingoni limefifia, katikati linang'aa, kwa sababu katikati unatazama ndani zaidi, kwenye joto zaidi. Halafu madoa. Usiyadhanie kuwa ni uchafu wa lenzi: gonga bomba kidogo, likisogea pamoja na jua ni doa la jua. Doa lenye afya lina kiini cheusi na pindo la kijivu kulizunguka. Kiini si cheusi kweli. Kina joto la nyuzi elfu tatu na nusu hadi elfu nne hivi, na uso unaolizunguka una kama 5,500, basi kinaonekana cheusi kwa kulinganishwa tu. Sumaku yenye nguvu imebana pale ikazuia joto lisipande. Karibu na ukingo tafuta pia vijistari vyeupe vinavyong'aa kuliko jirani zake.

Chora. Usipochora utachoka ndani ya wiki. Chora duara la sentimita 15 kwa bikari, toa fotokopi, bandika moja ndani ya boksi, jaza jua sawasawa na duara, weka alama ya penseli palipo na kila doa. Andika tarehe na saa. Ili ujue pande, chagua doa moja, acha bomba bila kuligusa, fuata doa linavyoteleza kwenye karatasi: mstari huo ni mashariki kwenda magharibi, na ukingo unaotangulia kutoka ni wa magharibi. Fanya kila siku saa ileile, usije ukajikuta duara limezunguka.

Kwa duara la sentimita 15, dunia yetu yote na Kilimanjaro yake ina upana wa milimita 1.4. Iweke pembeni kwa ncha ya penseli, uwe unapimia. Kundi lililoitwa 3664, la Mei 2024, lilitanda upana wa dunia kama 15, kwa hiyo kwenye karatasi lilichukua sentimita mbili. Hapa ilikuwa masika, wingu lilikuwa likifunguka nusu saa linafunga, lakini kundi lile halikuhitaji muda. Ndilo lililorusha dhoruba iliyowaka angani Ulaya na Marekani usiku wa tarehe 10 Mei.

Ukiweka michoro ya siku zinazofuatana kwenye meza utaliona jua likizunguka. Doa linaingia ukingo wa mashariki likiwa jembamba, linapanuka likifika katikati, linasinyaa tena likitokomea magharibi wiki mbili hivi baadaye. Likiwa imara litarudi. Mzunguko mzima, kwa sisi tulioko duniani, ni kama siku 27. Wengi watakuambia hilo wamelisoma shuleni. Mimi nimelishona kwa uzi mwekundu kwenye kitambaa, doa baada ya doa, na bado ninapolitazama linanifurahisha.

Tena hesabu ipo. Rudolf Wolf wa Uswisi mwaka 1848 alipendekeza: hesabu makundi, zidisha kwa 10, jumlisha madoa yote mojamoja. Makundi matatu yenye madoa 11 kwa jumla ni 41. Kazi hiyo Wolf aliifanya kwa darubini ya lenzi ya milimita 80 tu. Kabla yake Heinrich Schwabe, mfamasia wa mji wa Dessau huko Ujerumani, alianza kulitazama jua mwaka 1826 akitafuta sayari iliyo ndani ya Utaridi. Sayari hakuipata kwa kuwa haipo, lakini mwaka 1843 akatangaza kwamba madoa yanaongezeka na kupungua kwa awamu. Awamu hiyo ni kama miaka 11. Kilele cha sasa kilikuwa karibu 2024, na tunaelekea chini. Kufikia karibu 2030 tutegemee siku nyingi za uso mtupu, basi anza sasa.

Chujio la mbele

Karatasi ikikunogea utataka kutazama ndani. Hapo unahitaji karatasi maalumu inayong'aa kama foili, inayopitisha sehemu moja tu kati ya laki moja ya mwanga. Ile inayojulikana sana ni AstroSolar ya kampuni ya Baader ya Ujerumani. Huuzwa kwa kipande cha ukubwa wa A4, nacho kinatosha darubini kadhaa za milimita 60, hivyo changeni. Yangu nililetewa na shemeji aliyekuwa anarudi likizo. Mwagize aangalie namba: 5.0 ni ya macho. Ile ya 3.8 ni ya kamera peke yake, inapitisha mwanga mwingi mno, usiikubali hata ukipewa bure.

Kuitengeneza ni kazi ya fundi nguo hasa. Zungushia manila kwenye mdomo wa bomba tabaka tatu hadi nne, ibandike iwe kikombe kinachobana bila kulazimishwa. Kata pete mbili za kadibodi. Laza karatasi ya chujio mezani juu ya tishu safi, bandika pete ya kwanza kwa gundi ya pande mbili, geuza, bandika ya pili, kisha punguza pembeni kwa mkasi mkali. Usiivute ikanyooka. Mikunjo haiharibu picha, kuvutwa ndiko kunakoiharibu. Mafundi wenzangu hili linawauma, maana mkono umezoea kunyoosha.

Kila asubuhi kabla ya kuivika, ishike mbele ya taa ya umeme utafute tundu. Ukiona nuru kama ncha ya sindano imepita, tengeneza nyingine. Ukishaivika, izungushie selotepu mpaka kwenye bomba. Kwetu upepo wa alasiri unaamka bila hodi, na chujio likipeperuka ukiwa unatazama hakuna wa kukuambia. Lenga kwa kivuli kama kawaida.

Jua litakuwa jeupe, si la njano. Kwa lenzi ya 12.5 pindo za madoa zinaonekana. Ndimi za moto zinazotoka ukingoni hutaziona kwa chujio hili, zinataka chombo cha aina nyingine chenye bei ya pikipiki. Simu inapiga picha vizuri: ishikishe kwenye lenzi ya 20, gusa duara kwenye skrini, vuta mwanga chini mpaka madoa yajitokeze.

Tarehe 2 Agosti 2027 mwezi utalifunika jua lote kuanzia Hispania, Luxor, Jeddah hadi ncha ya Somalia. Sisi huku tutapata kipande, mchana. Wenye kumbukumbu ya tarehe 1 Septemba 2016, Rujewa kule Mbeya ilipoona jua likibaki pete na nchi nzima ikasimama barabarani na filamu za eksirei mkononi, safari hii jiandaeni mapema. Karatasi ya manila inatazamwa na darasa zima kwa wakati mmoja, na hakuna jicho linalokaribia kioo.

Mwezi na Zuhura mchana

Kwa hivi sitakaa sana. Mwezi wa siku saba uko juu alasiri, na mwezi wa siku ishirini na mbili uko juu asubuhi. Bluu ya anga inaupunguza makali, mashimo yanaonekana bila kuumiza macho, na unaweza kuwaonyesha watoto wasiosubiri usiku. Zuhura anaonekana mchana ukijua alipo, hasa akiwa mbali na jua, na siku mwezi anapopita karibu naye ndiyo rahisi kuliko zote. Kwa darubini utamkuta ni kimwezi kidogo, nusu au hilali. Kaa mahali ukuta wa nyumba umelificha jua kabisa, na hakikisha jua linasogea kuzidi kujificha nyuma ya ukuta, si kutokeza upande wako. Usipokuwa na ukuta kama huo, muache Zuhura hadi magharibi.

Watu

Bomba refu kwenye miguu mitatu linaita maswali. Usilielekeze kwenye kambi, kituo cha polisi, wala dirisha la mtu, hata kwa kupita. Nimemwalika mjumbe wetu akaona barafu ya Kibo kabla ya mtu mwingine yeyote mtaani, na tangu hapo akiulizwa yeye ndiye anayejibu. Watoto wakija wapange mstari, mmoja mmoja, mikono nyuma, na wewe usimame kati yao na mdomo wa bomba muda wote. Akitokea mzee, mpishe mbele, umweke kwenye kigoda, umrekebishie fokasi kwa sababu jicho lake si lako, na usimharakishe.

Ukimaliza, ivue darubini miguuni, ifute kwa nje tu. Lenzi ya mbele usiisugue kwa kanga, vumbi la Moshi lina mchanga. Ipulizie kwa pampu ya mpira, inatosha. Masika usiifungie kabatini pamoja na nguo, huko ndiko kuvu inakozaliwa. Mimi naiweka kwenye begi la kitambaa juu ya kabati, na vile vifuko vya chengachenga za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya nimevirundika humo. Wauza viatu wanavitupa, waombe.